Eustakia na Talaka Zilizovundikwa Shimoni

Saa moja na nusu asubuhi Eustakia Niragira anausukuma kwa goti mlango wa masjala. Kitasa kilikufa kabla ya vita. Goti lake, ingawa lina miaka hamsini na mitatu, bado lipo kazini. Mlango ukifunguka, harufu ndiyo inayotoka kumlaki: harufu ya ndizi mbivu, tamu, yenye moshi ndani yake. Mgeni angeapa kwamba humo ndani kuna mtu anakamua pombe.

Hakuna pombe. Kuna talaka mia mbili na kumi na mbili, zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba za mgomba na kupangwa kwenye rafu kama mikungu.

Hii ni Mahakama ya Mwanzo ya Nyakatembo, wilayani Biharamulo: chumba cha hakimu, baraza lenye benchi mbili, na kijichumba cha nyuma ambako Eustakia ametunza majalada tangu 1971. Anayetaka kuachana anaanzia kwake. Aliyekwisha kuachana na kusahau alikoiweka talaka anamalizia kwake.

"Watu wa harusi hawanijui," anasema, akikung'uta vumbi kwa kipande cha khanga. "Hao wana padri, wana shehe, wana ngoma. Mimi nawapata wakishachoka kucheza."

Wa kwanza leo ni Felisiani, mkulima wa Nemba, mzee wa ndevu chache aliyebeba jembe begani. Anaingia nalo, analiegemeza mezani, anavua kofia.

"Ndugu karani, binti yangu amerudi nyumbani. Jembe la watu hili hapa. Andika kwamba wameachana, nami niwahi kurudi."

Eustakia analitazama jembe, kisha anamtazama mwenye jembe.

"Binti mwenyewe yuko wapi, baba?"

"Nimemwacha shambani."

"Analimia nini, nawe jembe umelileta huku?"

Benchi la nje linaangua kicheko. Felisiani naye anacheka, kwa shida kidogo. Kwa wazee kama yeye, jembe la mahari likirudi kwa mume ndoa imekwisha, na yaliyobaki ni maneno ya watu wa ofisini.

Eustakia hambezi. Anamvutia kiti na kumweleza polepole, kama anavyowaeleza karibu wote. Binti aje mwenyewe, maana ndoa ni yake. Kwanza waende yeye na mumewe kwenye Baraza la Usuluhishi la kata, wazee wajaribu kuwapatanisha. Baraza likishindwa, litoe hati ya kusema limeshindwa. Na hati hiyo ndiyo waje nayo hapa kufungua shauri, mashahidi wasikilizwe, hakimu na washauri wake waamue. Hapo ndipo talaka inapoandikwa.

"Na jembe?" anauliza mzee.

"Rudi nalo, baba. Msimu wa maharage huu."

Eustakia hakusomea kazi hii. Alizaliwa Kirushya, wilayani Ngara, akasoma kwa masista hadi darasa la nne, akaolewa huku Biharamulo na Emilian, fundi wa kuezeka. Mwaka 1963 aliajiriwa kufagia mahakama. Karani wa wakati huo alikuwa mzee ambaye macho yalikuwa yamemsaliti, akawa anamwita mfagiaji amsomee majina. Mzee alipostaafu, mfagiaji alirithi kiti, mhuri, na miwani ambayo haikumfaa hata siku moja.

Siku hizi analipwa shilingi mia tano na ishirini kwa mwezi, na watoto ni sita. Vita vilikwisha mwaka jana lakini mkanda bado umefungwa. Sabuni ikifika duka la kijiji, foleni yake inaipita ya mahakama. Kila siku anatembea kilomita saba kuja na saba kurudi. Ukimuuliza kama anachoka, anajibu kwamba anayechoka ni barabara.

Urithi mwingine aliouachiwa na yule mzee ndio unaomtoa jasho: daftari kuu la talaka. Mzee aliwaorodhesha waume wote kwa majina ya baba zao. "Aliniambia majina ya ubatizo ni kama mashati," anakumbuka Eustakia. "Leo mtu ni Kazimili, kesho ni Silvesta. Baba habadilishwi." Wake hakuwaandika kabisa, na Eustakia alipoachiwa kiti aliendelea kwa mtindo ule ule. Kila mstari unasema: mwana wa fulani, na mkewe. Mwanamke aliyetoka jasho kujitoa mikononi mwa mume alibaki mle mle, "na mkewe", mpaka wino ukauke.

Zamani walau kilima alichokaa mtu kilisaidia kumtafuta. Ikaja Operesheni Vijiji mwaka 1974, watu wakahamia vijiji vya ujamaa, vilima vikabaki na migomba. Sasa mtu akija anasema ametoka Songambele, na daftari halijui Songambele ni nini.

Saa tatu kasoro, anaingia mwanamke mrefu mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Anapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala njiani?"

"Nimelala Nyakahura, juu ya magunia. Natoka Kirushya na lori la kahawa."

"Kirushya!" Eustakia anasahau vumbi, anamkumbatia. "Binti wa nyumbani. Kaa. Maji yapo, chai haipo, sukari nadhani bado iko vitani."

Jina lake ni Zita, miaka thelathini na nne. Aliolewa Nyamigogo akiwa binti mdogo, na mwaka 1972 akaachana na mumewe, Kazimili, hapa hapa Nyakatembo. Kazimili alikuwa amekwenda Mwanza kununua baiskeli. Alirudi baada ya miaka minne, na baiskeli haikuwepo.

Sasa Zita amechumbiwa na Renatus, mwanamgambo aliyerudi salama kutoka vitani. Tangazo la ndoa yao limebandikwa ubaoni bomani Ngara, siku ishirini na moja kama sheria inavyotaka. Siku ya kumi na sita, Kazimili alitokea na pingamizi: huyu ni mke wangu, jembe langu la mahari halijarudi mpaka leo. Pingamizi linasikilizwa Alhamisi. Leo ni Jumanne.

"Na nakala yako ya talaka?" anauliza Eustakia.

Zita anainamisha kichwa. "Tulipohamia kijijini niliifunga kwenye pindo la khanga. Mvua ilitunyeshea njia nzima, matope mpaka magotini. Nilipofika nikafua khanga."

"Ukaifua na talaka."

"Nikaifua, mama. Ilitakata sana."

Wanacheka wote wawili, lakini mikono ya Zita haicheki. Inakamata ukingo wa meza. Alhamisi akisimama mbele ya bwana mkubwa wa boma bila karatasi, ubishi utakuwa wake na wa Kazimili, mdomo kwa mdomo, na jembe kweli liko kwao Kirushya, kila mtu huliona.

"Basi nitajie baba yake Kazimili," anasema Eustakia, akivuta daftari.

Zita anatazama sakafu.

Eustakia anajipiga paji la uso. Mtu wa Kirushya atasahauje? Mke aliyefunzwa na mama yake hatamki jina la baba mkwe. Hatamki hata neno linalofanana nalo. Atalizunguka kama anavyozunguka shimo.

"Lakini si mkweo tena," anajaribu. "Miaka minane!"

"Mimi nilimwacha Kazimili, mama. Yule mzee sikumwacha. Hakunikosea."

Hakimu angepiga meza. Eustakia anavaa miwani. Jambo hili si geni kwake. Tangu 1973 ana dawa yake. Yeye husoma majina ya baba mmoja mmoja, kwa sauti, na mwanamke akilisikia lake anakohoa. Hajatamka kitu. Karani ameelewa. Wakati mmoja alikuja hakimu mgeni, akasikia vikohozi kutoka masjala mwezi mzima, akaandika barua wilayani kuomba chumba kipuliziwe dawa ya kifua kikuu.

"Mwana wa Nyandwi," anaanza Eustakia.

Hakuna kikohozi.

"Mwana wa Ntahomvukiye."

Bado hakuna.

"Mwana wa Barampama."

Zita anakohoa. Anakohoa hasa, mpaka machozi.

"Haya! Mungu hamtupi mja wake." Eustakia anapanda kigoda, anashusha fungu, anatoa kisu cha jikoni kwenye mtoto wa meza. Majalada haya hayafunguki kwa haraka. Kurasa zimeshikana kwa utomvu, na kila moja hubanduliwa polepole kama ganda la ndizi lililokauka. Nusu saa nzima wameinama juu ya meza. Ukurasa wa tatu unapokubali kuachia, Eustakia anasoma, anasita, anasoma tena.

"Domisiana," anasema. "Hapa wameandika Domisiana."

"Mimi si Domisiana."

"Najua. Sasa mbona ulikohoa?"

"Moshi, mama. Haya makaratasi yako yananukia moshi!"

Hapo inabidi kisa cha shimo kielezwe, maana bila hicho hakuna anayeweza kuelewa kwa nini talaka za Nyakatembo zina rangi ya chai ya rangi.

Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, watu waliokimbia walifika hata huku na mikeka na ng'ombe wao. Hakimu wa wakati huo alimwamuru Eustakia afiche vitu vya thamani vya serikali. "Vilikuwa vitatu," anasema. "Bendera, mhuri na talaka. Bendera na mhuri akachukua yeye."

Emilian alikuwa amekwisha kwenda vitani na mgambo wenzake. Nyumbani kulikuwa na shimo lake la kuvundikia ndizi, kavu, limetandikwa majani ya mgomba. Eustakia akasomba majalada yote kwa siku mbili, akayapanga humo, akayafunika kwa majani na udongo, akajifuta mikono. Kesho yake akaenda kusaidia kupikia waliokimbia.

Alichosahau ni kwamba alikuwa na jirani mwema. Ernesta, ambaye migomba yake inapakana na ya Eustakia, aliona shimo limefunikwa na mwenyewe hayupo.

"Niseme uongo?" anauliza Ernesta, mama mwenye kicheko cha tumboni. "Niliona mwenzangu mume yuko vitani, yeye anakimbizana na wakimbizi, nikasema ndizi zake zitaoza bure. Nikawasha moto kwenye tundu la pembeni. Nikampulizia moshi siku tatu, wema tu. Siku ya nne nikafukua nione kama zimeiva. Nikakuta zimeandikwa."

Eustakia aliporudi alilia. Alikuwa na hakika kwamba atafungwa. Majalada yalikuwa ya kahawia, yamejikunja pembe, yananukia sherehe. Lakini herufi zilisomeka. Na majalada ya mashauri ya mashamba, yaliyoachwa ofisini chini ya meza kwa kuwa yalionekana hayana thamani, mchwa walikuwa wameyasikiliza yote na kuyatolea hukumu. Haukubaki hata uzi. Kwenye talaka zilizopigwa moshi, mchwa hadi leo hagusi.

"Kwa hiyo namshukuru Ernesta," anasema Eustakia, "ila simwambii sana. Ataniwashia na nyumba."

Kule masjala, Zita amekunywa maji na kupangusa macho. Saa inakwenda, lori la kahawa linarudi Ngara saa nane, na likimwacha hakuna jingine mpaka Ijumaa.

"Kikohozi tumekifuta kazi," anaamua Eustakia. "Ukilisikia, gonga meza."

Anasoma. Daftari lina kurasa kumi na nne. Baba wa Biharamulo wanapita mmoja baada ya mwingine, waliokufa na walio hai, na meza haigongwi. Ukurasa wa tano, wa sita, wa nane. Sauti ya Eustakia inaanza kukauka. Ukurasa wa kumi na moja, katikati:

"Mwana wa Bigirimana."

Meza haigongwi. Eustakia anakaribia kuendelea, kisha anainua macho juu ya miwani.

Zita amesimama. Amesimama wima kando ya kigoda, mikono mbele, macho chini, kama mtu anayempisha mzee kiti.

Eustakia anapanda kigoda, anashusha fungu la mwisho kabisa, lile lililokuwa juu kabisa shimoni na kupata moshi mwingi kuliko yote. Kisu kinafanya kazi. Jina la kwanza kuonekana ni Zita. La pili ni Kazimili. Na ukurasa wa nne, chini ya doa la utomvu, kuna ushahidi wa shahidi wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono wa Eustakia mwenyewe mwaka ule wa 1972. Anausoma kwa sauti:

"Mimi ni baba wa mdaiwa. Huyu binti alinipikia na kuniwashia moto miaka minne ambayo mwanangu hakuwapo. Sina mashtaka juu yake. Mwacheni aende. Jembe tulilotoa mimi ndiye niliyelitoa, na sitaki lirudi. Abaki nalo alimie kwao."

Chini yake kuna alama ya dole gumba, nyeusi, pana. Na chini zaidi hukumu ya hakimu: talaka imetolewa, na jembe halirudishwi.

Zita ameketi tena. Khanga iko usoni.

"Yu hai?" anauliza Eustakia.

"Alifariki mwaka tuliohama. Nilisikia baada ya msiba." Anajifuta. "Mama, lisome tena lile jina. Mimi siwezi kulitaja. Lakini naweza kulisikia."

"Bigirimana," anasoma Eustakia, taratibu, kama anavyotajwa mtu wa heshima kanisani.

Taipu ya mahakama haina utepe tangu Krismasi, kwa hiyo nakala inaandikwa kwa mkono, kurasa mbili, huku mwandishi amebana ulimi kati ya meno. Hakimu anasoma, anatia sahihi, anainusa karatasi. "Hii nayo inanukia?"

"Bado changa, mheshimiwa," anajibu karani wake.

Mhuri unapigwa saa saba na dakika arobaini. Zita anaikunja hati. Mkono wake unakwenda wenyewe kwenye pindo la khanga.

"Weee!" Eustakia anampiga kibao cha mkono. "Kifuani! Na usifue chochote mpaka Ijumaa."

Wiki iliyofuata dereva wa lori la kahawa alisimama mbele ya mahakama akapiga honi. Alikuwa na mkungu wa ndizi mbichi kutoka Kirushya, na salamu alizokuwa amezikariri njia nzima: pingamizi limetupwa, Kazimili alisomewa maneno ya baba yake akaomba maji ya kunywa, ndoa ni Jumamosi, na Mama Karani aje, ila mhuri auache.

Eustakia aliupeleka mkungu kwa Ernesta auvundike. "Hii ndiyo ndizi," alimwambia. "Iangalie vizuri, siku nyingine usichanganye."

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Wenzake wa umri wake wanaota duka au cherehani. Yeye alinunua daftari kubwa la mistari, na kila siku hakimu akienda kula anaandika orodha mpya ya zile talaka mia mbili na kumi na mbili, safari hii kwa majina ya wake. Anabandua jalada, anamtafuta mwanamke aliyefichwa ndani, anamtoa, anampa mstari wake. Wiki iliyopita alikuwa amefika sitini na mmoja. Alasiri ya siku hiyo ya mkungu anaandika wa sitini na mbili: Zita, wa Kirushya. Mia moja na hamsini bado wanangoja.

"Nataka nikiondoka hapa," anasema, "mwanamke aje, ataje jina lake mwenyewe, apate karatasi yake, aende zake. Asikohoe wala asigonge meza ya mtu. Jina lake si anaruhusiwa kulitaja?"

Saa tisa na nusu Emilian yuko mlangoni, amekuja kumpokea mkewe. Alirudi kutoka vitani na mguu wa kushoto unaochechemea, na wa kulia unaousubiri. Anaegemea fremu ya mlango, anatazama rafu zilizojaa juu ya kichwa cha mkewe, anavuta ile harufu tamu ya moshi, na koo linamwasha. Anakohoa.

Eustakia hainui kichwa. Kalamu iko kwenye mstari.

"Kohoa kwa uangalifu, baba watoto," anasema. "Humu ndani watu wameachika kwa kidogo kuliko hicho."